Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Kama Jikoni Kuna Thawabu, Mbona Hatugombanii Nafasi?



Ndugu zangu na dada zangu wa msikiti wetu, leo ni siku ya 18. Allah azikubali saumu zetu na atufikishe kumi la mwisho tukiwa na afya na imani. Tafakuri ya leo ni ndefu kidogo kuliko za siku zote, mtanisamehe. Mwenye haraka aihifadhi, aisome baada ya tarawehe. Ila asiache kuisoma, hasa wewe kaka.

Juzi usiku nimeletewa ujumbe wa sauti na dada mmoja wa hapa hapa kwetu. Nimemuomba ruhusa nilizungumze jambo lake, amekubali, na nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane. Alisema hivi: "Ustadhi, assalaam alaykum. Nina swali, na usinicheke. Hivi mimi Ramadhani yangu iko wapi?"

Akaanza kunieleza siku yake. Anaamka saa tisa na nusu usiku kupasha daku. Wenzake wanaamshwa saa kumi na robo, chakula kiko mezani. Akiswali Alfajiri anaandaa watoto wa shule, na yule mdogo asiyefunga anamfungashia chakula. Saa moja yuko kwenye daladala kwenda Kariakoo, kazini. Anatoka saa kumi jioni. Na mnaijua foleni ya kutoka mjini jioni ya Ramadhani, kila mtu anakimbilia futari. Akifika nyumbani ni saa kumi na moja na nusu. Amebakiwa na saa moja tu. Hajavua hata baibui vizuri, ameshaketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Mihogo imenywe, uji ukorogwe, maharage yaungwe, sambusa zikaangwe, tende zioshwe. Adhana inaadhiniwa yeye ana mwiko mkononi. Anafungua kwa tende moja amesimama, kisha anarudi kuchota uji. Wakimaliza kuna vyombo, baada ya vyombo kuna kuloweka maharage ya kesho. Wenzake wanakwenda tarawehe. Yeye anaswali Isha yake chumbani, na siku nyingine usingizi unamkutia kwenye mswala.

Kisha akasema neno lililoniganda moyoni: "Mume wangu mashaallah yuko juzuu ya 17. Mimi Ustadhi niko juzuu ya pili, tangu siku ya tano. Namuonea wivu, halafu naogopa isije ikawa ni dhambi kumuonea wivu."

Nikafanya kile ambacho sisi walimu tunakifanya. Nikamjibu haraka. Nikamwambia dada yangu usihuzunike, kupika kwako ni ibada, kila anayefuturu kwa mkono wako unapata mfano wa thawabu zake bila yeye kupungukiwa. Nikaona nimejibu vizuri kabisa.

Baada ya dakika chache ukaja ujumbe mwingine, wa kuandika, mfupi: "Alhamdulillah Ustadhi, umenifariji. Ila kama thawabu ziko nyingi hivyo huku jikoni, mbona nyinyi hamji kuzigombania?"

Wallahi, sikuwa na jibu. Nimekaa nalo siku mbili. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyoyapata katika siku mbili hizo, na ninajiandikia mimi mwenyewe kabla yenu.

*Kwanza: je, nililomwambia ni kweli?*

Ndiyo, ni kweli. Nisije nikaeleweka vibaya. Hadithi ya kumfuturisha aliyefunga ameipokea Imamu Tirmidhi na wengineo. Na iko nyingine, wamekubaliana nayo Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas (r.a.), ambayo kwa swali la leo inatugusa zaidi.

Walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), siku ya joto kali. Wengine wamefunga, wengine hawakufunga, na safarini yote mawili yanaruhusiwa. Walipopiga kambi, waliofunga wakalala chini, nguvu zimewaishia. Wasiofunga wakasimama, wakapiga mahema, wakawanywesha wanyama maji. Mtume (s.a.w.) akasema kwamba siku hiyo thawabu zimechukuliwa na wale wasiofunga.

Hebu tuiangalie vizuri habari hii. Hawa waliohudumia hawakuwa hata na saumu. Walikuwa na kazi ya mikono tu, ya kuwafanya wenzao wapumzike. Na bado ndio waliosifiwa. Sasa huyu dada yetu hakuiacha saumu ili apate nguvu za kuhudumia. Amefunga kama mumewe alivyofunga, njaa ile ile, kiu ile ile, na juu ya saumu yake ndiye anayepiga hema na kunywesha wanyama. Kwa hiyo dada zangu, mtu asikuvunje moyo. Anayekuna nazi huku amefunga hayuko nje ya Ramadhani. Yuko katikati yake kabisa.

Lakini tazameni tena maneno yale yalisemwa mbele ya nani. Yalisemwa wakiwepo waliofunga na wamelala. Hawakuambiwa tu wale wanaofanya kazi, kwa kuwafariji, ili waendelee kufanya kazi. Na waliolala walisikia. Walijua kwamba leo kuna kitu kimewapita.

Sisi tumefanya nini na hadithi kama hizi? Tumezipeleka jikoni peke yake. Hatuzisomi sebuleni.

*Pili: kila mtu anasoma aya ya mwenzake*

Katika Suratul Insan, aya ya 8 na ya 9, Allah anawasifu watu wema wanaowalisha masikini, yatima na mateka, na nia yao wanapolisha ni kutafuta radhi za Allah tu. Hawataki kwa waliowalisha malipo wala shukrani. Hii ni aya ya mwenye kulisha. Ni yake yeye na Mola wake. Inamwambia: usihesabu, usingoje kusifiwa, usije ukaiharibu sahani yako kwa masimango.

Na iko hadithi aliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Hii ni ya mwenye kulishwa. Inamwambia: usile ukanyamaza. Usijifanye chakula kimeshuka chenyewe.

Kila mmoja akishika ya kwake, nyumba inakuwa na baraka kubwa. Mpishi anapika kwa ajili ya Allah, mlaji anashukuru kwa ajili ya Allah, na hakuna anayemdai mwenzake. Tatizo letu ni kwamba tunasomeana. Mwanaume amekaa mkekani, anamsomea mkewe aya ya kutotaka shukrani. Na mke huko jikoni, akichoka, anamsomea mumewe hadithi ya kushukuru. Aya ni kweli na hadithi ni kweli, ila mdomo sio wake.

Na hili ndilo lililonishika koo kwenye ujumbe wa yule dada. Neno "kupika ni ibada" likitoka moyoni mwa anayepika ni nuru. Linamsaidia aunuie uji wake. Likitoka mdomoni mwa anayengoja kupikiwa linaweza kuwa ujanja. Mimi nilimwambia neno la kweli, lakini nililisema nikiwa nimekaa.

Mfano mwingine mnaujua wote. Bi Fatma (r.a.), binti wa Mtume, mikono yake iliumia kwa kusaga kwa jiwe la mkono. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, hakumkuta. Usiku Mtume (s.a.w.) akawajia, yeye na Sayyidna Ali (r.a.), wakiwa wameshalala. Akakaa kati yao na akawafundisha kabla ya kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, na kwamba hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Tunawasomea sana wanawake hadithi hii: mama ukichoka leta tasbihi. Sawa. Lakini anayeisimulia ni Ali mwenyewe, na katika Kiarabu chake maneno yamekuja kwa namna ya kuwasemesha watu wawili. Waliambiwa wote wawili! Tasbihi ile si dawa ya wanawake peke yao. Na hakuna mahali Mtume alipomwambia binti yake kwamba mikono haimuumi.

*Tatu: siku zangu nne*

Niseme la kwangu, maana ukimnyooshea kidole mwenzako na wewe ujiangalie.

Miaka kadhaa nyuma, katikati ya Ramadhani, mama watoto wangu alishikwa na homa kali, siku nne hainuki. Nikasema si tabu, nitapika mimi. Nilidhani kazi ya kupika ni kusimama mbele ya moto. Kumbe moto ndio sehemu rahisi.

Siku ya kwanza nimerudi saa kumi na moja, nafungua kabati, nazi hakuna. Natoka kwenda gengeni. Nimerudi na nazi, gesi imeisha. Narudi tena kutafuta gesi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mke wangu kwa miaka yote ile alikuwa na daftari kichwani: nazi zimebaki mbili, gesi inakaribia kuisha, yule mtoto hali maboga, kesho mgeni wa baba yao anakuja, sukari ya uji ipunguzwe kwa ajili ya bibi. Daftari hilo halifungwi. Analo akiwa kazini, analo akiwa kwenye rakaa, na analo akilala. Mimi nilikuwa nikiona uji tu.

Siku ya pili uji ulikuwa na madonge, na mihogo ikaungua chini kwa sababu nilitaka kusoma robo juzuu huku iko motoni. Siku ya tatu tui likakatika. Na siku hiyo hiyo ndio kijana wangu mkubwa, ameketi mkekani safi kabisa, amenawa, kofia kichwani, akaonja maharage akasema: "Baba, chumvi imezidi."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Halafu nikanyamaza, kwa sababu niliijua sauti ile. Ilikuwa sauti yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Ni mara ngapi nimekaa pale pale nikasema chumvi imezidi, leo tui jepesi, sambusa zimenyonya mafuta? Fikirini jamani: mpishi aliyefunga anapika kwa kukisia chumvi, maana anaogopa kuonja, halafu sisi tunakuja kumhukumu kwa chumvi ile ile. Na Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyosimulia Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim, hakukitia chakula ila hata siku moja. Akikitamani anakula, asipokitaka anakiacha. Basi.

Lakini lililoniuma zaidi si chumvi. Ni zile dakika kumi kabla ya adhana. Mnazijua dakika zile. Mmekaa, tende ziko mbele, mikono juu, na tumefundishwa kwamba dua ya aliyefunga mpaka afungue haikataliwi. Ni dakika tamu kuliko zote za siku. Siku zile nne sikuzipata hata mara moja. Dakika zile nilikuwa nakaanga. Siku ya nne, adhana inaanza, mafuta yakanirukia kwenye mkono, na nikawaza: miaka yote ile mimi nikiinua mikono kuomba, mwenzangu mikono yake ilikuwa wapi?

Hapo ndipo nilipoelewa, japo nimechelewa kulisema mpaka dada huyu aliponiuliza. Dua nzuri nilizokuwa nikiomba pale mkekani nilikuwa nikiziomba ndani ya wakati wa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyeninunulia dakika zile kumi. Na juzuu zangu pia.

*Nne: "Lakini Ustadhi..."*

Najua kuna kaka hapa ameshaanza kuandika jibu. Anasema: Ustadhi, mimi natafuta riziki juani, ndio mgawanyo wetu, mke ana zamu yake na mimi nina yangu.

Hoja hii ina uzito, siidharau. Anayebeba zege mchana kutwa amefunga, naye anapiga hema la watu wake. Na kuwalisha wake kwa jasho lake ni sadaka, Mtume (s.a.w.) alimfundisha Saad bin Abi Waqqas (r.a.) kwamba hata tonge analolitia kinywani mwa mkewe kwa ajili ya Allah lina malipo. Nyumba ambayo mmoja anatoka kutafuta na mwingine anabaki kuandaa, na wote wameridhika, Allah aibariki.

Lakini nyumba nyingi za leo haziko hivyo. Dada huyu naye anatafuta riziki. Kodi ya nyumba wanachangia. Zamu ya nje wameshagawana, zamu ya ndani imebaki ya mmoja. Hapo mgawanyo uko wapi?

Tena tujue na elimu inasemaje. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunayafuata, kauli inayojulikana ni kwamba mkataba wa ndoa haumlazimishi mke kupika na kufua. Akifanya ni ihsani yake. Wako wanazuoni wakubwa wengine, kama Ibn al-Qayyim, wanaosema ni wajibu kwa kadiri ya desturi. Silileti hili ili leo jioni watu waweke mwiko chini. Nalileta ili upime mwenyewe. Ukichukua kauli ya kwanza, basi kila bakuli la uji ulilokunywa tangu uoe ni zawadi. Zawadi inashukuriwa. Ukichukua ya pili, basi mwenzako anatekeleza wajibu mzito akiwa na njaa, na anayetekeleza wajibu huku na njaa anasaidiwa. Kwa kauli yoyote utakayoichukua, hakuna inayokuruhusu kukaa tu na kusema chumvi imezidi.

Na juu ya kauli zote yupo Mtume (s.a.w.). Bi Aisha (r.a.) aliulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika anatoka kwenda kuswali. Imo katika Bukhari. Mtu mwenye shughuli nyingi kuliko wote, ana umma mzima mabegani! Kama kuna aliyekuwa na haki ya kusema "mimi nina mambo makubwa", ni yeye. Na hakusema.

*Tano: dada zangu na nyinyi mnisikilize*

Nikisema ya akina kaka tu nitakuwa sikutenda haki. Mzigo mwingine tunaubeba bila kubebeshwa. Futari ya vitu tisa mezani, nani aliiamrisha? Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi, akikosa tende kavu, akikosa maji. Sisi tuna kaimati, sambusa, tambi, mihogo ya nazi, magimbi, ndizi, mkate wa kumimina, na bado mtu anaona aibu kumwalika jirani kwa sababu hajachinja kuku. Nusu ya vile vitu vinalala kwenye friji mpaka vinatupwa, na aliyevipika amelala bila tarawehe.

Na wageni ndio hivyo hivyo. Kufuturisha ni jambo kubwa, msiache. Lakini tunamwalika mtu tukae naye, halafu mwenye nyumba hakai! Wageni wanaondoka wanasema futari ilikuwa nzuri mashaallah, na hawakumuona aliyeipika ila mkono tu unapitisha sinia pazia linapofunguka. Chakula cha wawili kinawatosha watatu, tumefundishwa hivyo. Na Abu Dharr (r.a.) aliusiwa akipika mchuzi azidishe maji ili awakumbuke majirani. Angalieni: maji ndiyo aliyoambiwa azidishe. Hakuambiwa azidishe nyama, wala azidishe aina za vyakula. Ukarimu wa bei ya maji. Uji, mihogo, tende na wewe mwenyewe umekaa nasi, hiyo ni futari kamili.

Wako pia kina mama ambao kupika ndio raha yao. Ukimuondoa jikoni umemuonea. Mama wa namna hiyo tumuachie sufuria yake, lakini tumuondolee vyombo.

Na kuna jambo moja sitalipita. Nyumba nyingine zimepata ufumbuzi: kuna dada wa kazi. Mume na mke wote wako tarawehe, wote wako juzuu ya 17, alhamdulillah. Na yule binti je? Naye amefunga. Yeye Ramadhani yake iko wapi? Kama mzigo tumeutoa kwa mke tukamtwisha binti wa watu, hatujautua, tumeuhamisha. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kwamba mtumishi akikuletea chakula umketishe ule naye, na kama hukumketisha basi umpe tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba joto lake na taabu ya kukiandaa. Imo katika Bukhari na Muslim. Amesema joto lake! Mtume aliliona joto la jikoni. Aliona kwamba chakula kabla ya kufika kwako kimemuunguza mtu.

*Sasa, kumi la mwisho*

Siku mbili tatu zijazo tunaingia kwenye kumi la mwisho. Bi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba kumi likiingia Mtume (s.a.w.) alikuwa akijifunga kibwebwe, akiuhuisha usiku wake, na akiamsha watu wa nyumbani kwake.

Akiwaamsha kwa nini? Kwa ibada. Ili nao waupate usiku ule. Sisi tunawaamsha pia. Tunawaamsha wapashe daku.

Laylatul Qadr haitashuka msikitini peke yake. Lakini aliyesimama tangu saa tisa na nusu usiku mpaka saa tatu usiku ataipokea kwa nguvu gani? Tukitaka wake zetu, mama zetu, dada zetu na mabinti wa kazi waupate usiku huo, lazima tuwaachie nguvu. Na nguvu haziachwi kwa maneno, kaka yangu. Zinaachwa kwa kuosha sufuria.

Kwa hiyo kazi ya leo ni hizi, chache tu:

1. Leo jioni, robo saa kabla ya adhana, yeyote anayepika aondoke jikoni. Akae, ainue mikono. Kitakachokuwa hakijaiva kimaliziwe na mwingine, na kisipoiva kitaliwa baada ya Magharibi. Hakuna aliyekufa kwa kuchelewa kula sambusa.

2. Kila mwanaume na kila kijana anayefika balehe achague kazi moja ya jikoni mpaka mwisho wa mwezi, iwe yake, asingoje kuambiwa. Kumenya mihogo usiku na kuiloweka kwenye maji, kukuna nazi, kuosha vyombo, kupasha daku. Ukisema "nikusaidie nini?" umemuachia bado lile daftari la kichwani. Chukua na ukurasa wa daftari.

3. Kuanzia usiku wa 21, futari iwe ya vitu viwili au vitatu. Siku ukichoka kabisa nunua mihogo na uji kwa mama anayeuza pale nje. Naye ni mwanamke anayetafuta riziki, na pesa yako ni futari yake. Usione haya.

Na kabla ya yote hayo, leo ukila, sema ahsante. Mtaje jina. Mama yako, mkeo, dada yako, binti wa kazi. Hata kama chumvi imezidi.

Dada yangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu langu, limechelewa siku mbili. Ramadhani yako iko pale pale ulipo, kwenye kila bakuli, na Allah hapotezi malipo ya mtenda wema. Wivu wako si dhambi. Umetamani Qur'an, na hiyo ni tamaa njema. Lakini hukupaswa kuchagua kati ya uji na juzuu ya tatu. Tuliokufikisha hapo ni sisi, na mimi ni mmoja wao. Nimezungumza na mumeo kwa ruhusa yako. Hakukasirika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Ustadhi, uji unakorogwaje usishike madonge?" Nikamwambia anza kwa maji baridi.

Ewe Allah, wakubalie waliofunga na waliowafuturisha. Ewe Allah, mikono iliyoungua kwa ajili yetu isiguswe na moto wako. Wape nguvu waliochoka, wape haya waliokaa, na utukutanishe wote kwenye usiku wa Laylatul Qadr, mmoja wetu asibaki jikoni. Warehemu mama zetu waliotangulia, ambao tulikula kwa mikono yao na hatukuwahi kuwaambia ahsante. Aamin.

Msambazie na mwenzako, hasa aliye sebuleni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.